Lobi ya Marekani si jina jingine la rushwa

Tunapojadili siasa za Marekani kwa Kiswahili, neno "lobi", yaani kazi ya kuwashawishi wabunge kwa niaba ya wengine, halikawii kufuatwa na neno "rushwa", na takwimu inayotolewa kuwa ushahidi ni ileile: washawishi waliosajiliwa Washington ni takriban 12,000, ilhali wabunge wa mabaraza yote mawili ni 535, yaani zaidi ya washawishi 20 kwa kila mbunge. Ni wengi mno, sikatai. Hata hivyo, idadi hiyo tunaijua kwa sababu sheria ya mwaka 1995 inawalazimu kujisajili na kutaja wanamwakilisha nani na kwa malipo gani, jambo ambalo mtoa rushwa hawezi kulifanya. Tena miongoni mwao wamo wanaosemea hospitali, vyuo vikuu na hata halmashauri za miji.

Haki yenyewe ya kushawishi imo katika Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, palepale panapolindwa uhuru wa vyombo vya habari: wananchi wanaruhusiwa kuipelekea serikali malalamiko yao. Tarehe 12 Machi 1990, mswada wa haki za watu wenye ulemavu ulikuwa umeshapita Seneti lakini unasuasua katika Baraza la Wawakilishi. Wanaharakati kadhaa waliacha viti vyao vya magurudumu chini ya ngazi za Capitol, jengo la Bunge la Marekani, wakaanza kupanda kwa mikono na magoti, kidato kwa kidato, mbele ya wapiga picha. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 8. Rais George H. W. Bush alitia saini sheria hiyo Julai 26 mwaka huohuo. Hilo nalo lilikuwa kundi la maslahi likifanya kazi yake.

Wanaolalamika wana hoja nzito kuhusu fedha. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2010, makampuni na vyama vya wafanyakazi vinaweza kugharimia matangazo ya uchaguzi bila kikomo, mradi visipange na mgombea. Aidha, anayetumia katika kushawishi chini ya asilimia 20 ya muda anaomhudumia mteja halazimiki kusajiliwa, kwa hiyo wapo wasiohesabiwa kabisa katika wale 12,000. Mwanya huo ndio unaostahili kuzibwa kwanza, kwa kumtaka kila anayelipwa kuzungumza na mbunge ajiandikishe, hata kama amefika mara moja tu.