Noti ya Mzee Mwinyi haipigwi pasi

Jana nusra nigombane na mpwa wangu. Kaja likizo, kaona kisanduku changu cha noti, akajitia kunisaidia. Narudi kutoka Darajani namkuta katandika taulo, pasi ya moto, anainyoosha noti yangu ya mia mbili ya 1986, ile yenye sura ya Mzee Mwinyi na wavuvi nyuma. Ati "mjomba, zikinyooka zinapanda bei, nimeona YouTube".

Bei! Noti ile marehemu bi mkubwa aliifunga pindo la kanga mwaka uleule ilipotoka, na ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, akaiweka ya sanda yake. Hakutaka kumsumbua mtu. Sasa we kaa na mia mbili yako pindoni huku 1989 inakuja ya mia tano, 1990 ya elfu moja, na 1998 mia mbili inakuwa sarafu, upande mmoja Mzee Karume upande wa pili simba wawili. Yeye hafungui fundo, kashaweka ya sanda, basi. Tulipolifungua 2003, siku ya msiba, noti imekunjwa mara nne, inanuka udi, na sanda hainunui, hata ubani sijui. Mikunjo ile ndo mfumuko wa bei wenyewe, wachumi waje na grafu zao wanavyotaka.

Haya, nakubali, na mie ninayo ya Zimbabwe, trilioni mia, yenye mawe yaliyopandana, sifuri kumi na mbili baada ya hiyo mia, watoto wakija lazima waihesabu kwa vidole. Nzuri kuitazama. Lakini imenyooka kama imetoka mashineni leo, haijaona jasho la mtu, na 2015 walipozifuta walikuwa wanampa mtu senti 40 za Marekani kwa noti moja, mie nimeinunua ghali kuliko hiyo kwa mtu ambaye wallahi alikuwa anacheka.

Na jirani yangu naye, Benki Kuu ya Tanzania ilipotoa muda wa kubadilisha noti za zamani, Januari mpaka Aprili 2025, akanambia peleka usije ukapata hasara. Hasara ya mia mbili!

Mpwa alishafuta mikunjo miwili. Miwili bado ipo, nimeipapasa kwa kidole. Harufu ya udi ndo imekwenda na moto. Pasi nimeificha.