Shandelia, kumbikumbi na ngazi ya watu

Jamani nyie wenzangu wenye mataa yale ya kuning'inia sebuleni, mnayafutaje? Maana juzi asubuhi nimekaa zangu kwenye kochi, chai mkononi, chapati pembeni, natafuta amani ya Mungu, mara bawa la kumbikumbi linashuka taratiiibu kutoka juu, likatua katikati ya kikombe. Bawa tu. Mwenye bawa alishafia huko juu tangu masika, kalala kwenye kikombe cha balbu na ukoo wake wote, sasa mabawa ndio yanatuletea taarifa huku chini.

Nikanyanyua macho. Bora nisingenyanyua.

Kwanza ieleweke hii shandelia mimi sikuitaka. Shemeji yangu yuko Muscat, akamtumia dada yake picha kasimama ndani ya ule msikiti mkubwa wa Sultan Qaboos, juu ya kichwa chake kuna shandelia ya mita 14 kwenda chini, tani 8 na nusu, vioo laki sita, taa 1,122. Mama watoto akaitazama ile picha siku nzima, chakula cha mchana tulikula saa kumi. Kesho yake tuko Kariakoo tunasukumana na mikokoteni, yeye macho yako juu kwenye dari za maduka, mimi macho yako chini kwenye mfuko wa suruali. Laki nne na nusu. Muuzaji anasema "kristali tupu hiyo bosi wangu, ori", kijana mdogo, sura ya mtu anayeswali.

Sasa ile ya Muscat waliotengeneza walikuwa na akili zao timamu, ndani yake mle wameweka ngazi na majukwaa, fundi anapanda anasafisha anashuka. Ya kwangu ngazi haina. Na barabara yetu hapa Kivule mnaijua, likipita lori moja la mchanga nyumba nzima inabadilika rangi.

Halafu umeme. Ina balbu 16, zile za mwanzo zilikuwa za waya, wati 40 kila moja, yaani wati 640, ukiwasha saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano usiku yuniti tatu na ushee zimekwenda na hapo hujapiga pasi. Nikachomoa 13. Mama watoto hakuniongelesha siku nne. Sasa hivi nimeweka za LED za wati 4, zote 16 zinakula wati 64 tu, lakini mkono ushazoea, kila nikigusa ile swichi nasikia mita ya LUKU inalia kichwani.

Ningeacha hivyo hivyo nikatoa bawa nikanywa chai yangu, lakini Jumamosi wanakuja watu wa barua ya posa ya binti yetu Rehema. "Baba Rehema, wageni wakiona huo utando wa buibui watasema tumemlea mtoto pangoni." Maneno ya mama watoto hayo, na huku anaondoka, ujue hapo hasubiri jibu.

Fundi umeme nikampigia, akasema yuko njiani. Wote tunajua hiyo njia.

Dada wa kazi akasema yeye mkataba wake unaishia kwenye usawa wa friji.

Ndio nikaenda kwa Babu Mshamu kuazima ngazi. Mtaa mzima ngazi ya maana ni ile moja, ya alminiamu, inakunjwa, vidato vinane, kaifungia bati juu utadhani ni gari. Nikafika na heshima zangu zote.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unataka ngazi."

Hapo sijasema neno! Nikamwambia ndio babu, nusu saa tu narudisha. Akanitazama toka kandambili mpaka kipara, akasema, "Ngazi yangu haiendi peke yake."

Nilidhani ni msemo. Kumbe ni sheria. Akaingia ndani, akatoka na kofia yake ya kiua na fimbo, mjukuu akabeba ngazi mbele, babu katikati, mimi nyuma, tunakatiza mtaa kama tunapeleka posa, watu wanauliza kuna nini, babu anawajibu "taa ya huyu imeshindikana".

Kufika akakaa kwenye kochi langu. Pale pale pangu. Akaletewa chai, vijiko vinne vya sukari, chapati yangu ile akaisogeza upande wake bila hata kuniangalia, akainua macho akauliza, "Hiyo huku juu imeshika wapi?"

Nikasema kwenye jipsam.

Akaacha kutafuna. Akasimama, akavuta kochi nyuma hatua tatu, akarudi kuchukua kikombe, akakaa. "Jipsam haibebi mzigo, jipsam ni unga huo. Nenda kaangalie." Basi mtu mzima mimi, katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana, nikaingiza kichwa kwenye tundu la dari na tochi ya simu mdomoni, joto la bati linanipikia ubongo, nikaona kweli ndoano imeshikishwa kwenye mbao ya kenchi, ila fundi alikazia kwa bainding waya. Nikashuka nikamweleza. Akasema afadhali. Kochi hakulirudisha.

"Umezima wapi?"

Swichi ya ukutani, babu. Akacheka mpaka kofia ikasogea. Akasema mafundi wa nyumba zetu hizi wengine wanapitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu, ule waya wenye moto, kwa hiyo taa imezimika unaiona imelala kumbe moto uko pale pale unakusubiri, kazime meni swichi. Nikazima. Feni ikasimama. Jikoni mama watoto akapiga kelele nyama ya Jumamosi iko kwenye friza. Mjukuu wangu katuni zikakatika akalia kilio cha msiba, jirani akaja kuuliza. Na hapo kitambaa hakijagusa kioo hata kimoja.

Dawa nikatengeneza mwenyewe, spiriti ya famasi na maji, glavu za kitambaa hatuna nikavaa soksi za shule za mtoto mikononi, ya kushoto mbichi, ya kulia kavu, hii mbinu nzuri msicheke, mbichi inatoa vumbi kavu inafuatia na alama za vidole haziachwi. Godoro la mtoto nikalitandika chini endapo kitu kitaanguka. Nadhani watu wote mle ndani walikuwa wanafikiria kitu hicho ni mimi.

Nikapanda. "Kidato cha juu kabisa hupandi, kimeandikwa." Babu, kimeandikwa Kichina. "Ndio, kimeandikwa."

Nikafuta upande wa kwanza, nikaona kuliko kuhangaika na ngazi si bora niizungushe tu taa yenyewe. Sijafika hata robo. "USIZUNGUSHE!" Yaani sauti aliyotoa yule mzee, mtu ambaye msikitini tunamwinamia kumsikia, ilibaki kidogo nikumbatie balbu. Kumbe ukizungusha unalegeza ile skrubu inayoishikilia na waya ndani unasokoteka. Ana haki, sibishi, ila maana yake ni kwamba unashuka, unasogeza ngazi kidogo, unapanda. Na kila nikisogeza babu anakuja na fimbo kupima miguu ya ngazi kama imekaa sawa, anasema kulia kidogo, hapana ulivyokuwa mwanzo. Mara kumi na moja nimepanda na kushuka. Magoti yangu yanafanya sauti ya mlango wa stoo.

Lakini hayo bado si kitu. Vioo ndio vimeniua. Nikavitoa kimoja kimoja, vinaning'inia kwenye vipini vya waya vyembamba vinavyoingia chini ya kucha, nikavifuta na spiriti yangu, nikavipanga kwenye sinia. Vya kwanza vikang'aa mpaka nikajisifia. Baadae nashangaa vingine vinafanya ukungu, vyeupe, kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho. Nafuta, ndio kwanza vinazidi. Naongeza spiriti, vinapasuka vinyufa kama ardhi ya mbuga.

Babu akaomba kimoja. Akakiweka shavuni, akatulia. Akakiweka kingine shavuni. "Hiki baridi. Hiki vuguvugu." Halafu akakigonga kwenye jino lake la mbele, ambalo kusema kweli ndilo jino. Kile cha kwanza kikalia ti! Cha pili kikasema du.

"Plastiki," akasema. "Spiriti inaila plastiki. Ungefulia na sabuni ya maji tu."

Asiseme mwanzo! Kaniona chupa nimeishika mkononi, ananiangalia namimina, anakunywa chai!

Basi akaomba sinia lote. Tukakaa pale mimi na yeye, kimoja baada ya kingine, shavu, jino, ti, du, du, ti, du, du, du, mjukuu wangu kaacha kulia anahesabu. Vioo 61. Plastiki 83. Laki nne na nusu jamani. Yule kijana wa "ori". Nilinyamaza muda, babu akaona nimenyamaza akanimegea kipande cha chapati. Yangu. Nikapokea.

Na kosa lingine, sikupiga picha kabla ya kuvua. Wakati wa kurudisha nilijaza vile vizima upande watakaokaa wageni, vyenye mtoto wa jicho nikavigeuzia ukutani, na mwisho wa yote vikabaki saba havina pa kukaa. Kote nimetafuta. Viwili mjukuu wangu kavifanya hereni, vitano viko kwenye glasi juu ya friji.

Tukawasha meni, tukawasha taa. Upande mmoja inawaka sebule ya sultani, upande wa pili kibanda cha chipsi. Mama watoto akasema "ehe, si umeona", sijui nimeona nini. Fundi umeme akatokea dakika ile ile, akaangalia juu, akasema mmemaliza, akaomba nauli.

Sasa tatizo ngazi. Babu hesabu ya meno ilipoisha tu alisikia adhana ya alasiri, akaondoka na mjukuu wake. Jioni nikaibeba ngazi begani nikaipeleka, akanisimamisha mlangoni kwake. "Nilikwambiaje? Ngazi yangu haiendi peke yake." Lakini babu mimi nipo nayo. "Wewe si mwenye ngazi." Nikairudisha nyumbani. Akasema atakuja mwenyewe kuichukua akipata nafasi, na kweli anakuja, jana kaja saa ya chakula cha usiku, leo kaja saa ya chai, anaikagua vidato vyote vinane, anakaa, anakunywa, anaondoka, ngazi iko pale pale katikati ya sebule na kesho ni Jumamosi. Mama watoto kaitundikia pazia. Kaniuliza kama Babu Mshamu naye tumhesabu kwenye pilau, halafu kanituma sukari, kilo mbili, na hii ya juzi ilikuwa kilo mbili.