Shule Mbili, Choo Kimoja

Ajenda ilikuwa moja tu, imeandikwa ubaoni kwa chaki: kuunganisha shule.

Kwa msioijua habari ya shule pacha, njooni huku kwetu Mbagala niwaonyeshe. Miaka ile ya MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kuanzia 2002, ada ilikwishafutwa, watoto wakamiminika kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Shule ikafurika. Wakubwa wakaigawa mara mbili. Eneo halikuongezwa, choo hakikuongezwa; kilichoongezwa ni mwalimu mkuu. Tukapata A na B, kiwanja kimoja, na mwarobaini wa katikati ndio mpaka wa kimataifa. Milingoti miwili, mihuri miwili, kengele mbili: A wanagonga rimu ya lori, B wanagonga kipande cha reli. A wakigonga mapumziko, na B wanatoka mbio, mwalimu anabaki anafundisha madawati.

Mwaka 2016 ikaja elimu bila malipo, wakamiminika wengine. Sasa halmashauri inasema B ifutwe, irudi ndani ya A, kubana matumizi. Sisi wajumbe wa kamati tukaitwa tujadili. Lakini kamati zenyewe ni mbili! Wenyeviti wawili, makatibu wawili, maana mwalimu mkuu ndiye katibu kwa utaratibu. Kabla ya dua tukawa tumeshagombana nani anafungua kikao. Wakafungua wote, kwa zamu.

Niwaambie kitu ambacho hakikuandikwa kwenye muhtasari wowote kati ya ile miwili. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ana posho ya madaraka, shilingi 200,000 kwa mwezi. Unganisha shule, 200,000 moja inayeyuka. Hakuna aliyeitaja. Tulizungumza "maslahi mapana ya mtoto" mpaka jua likahama upande, na kila yalipotajwa hayo maslahi, walimu wakuu wawili walitazamana kama… basi tu, walitazamana. Afisa elimu kata peke yake ndiye alikuwa mtulivu, anachora maua kwenye diari. Posho yake yeye ni 250,000 na kata haiunganishwi na mtu.

Mzee mmoja, babu wa watu, akasimama na fimbo yake: "Mheshimiwa mwenyekiti, wote wawili. Mimi nimesomesha watoto wangu B. Leo mkiifuta, vyeti vyao vitakuwa vya marehemu?" Makofi upande wa B. Upande wa A wakauliza mlingoti upi utang'olewa. Hapo tulikaa muda ambao wali wa shughuli ungepikwa ukaiva.

Nikanyoosha mkono. Nikasema mimi naunga mkono, ziwe shule moja. Loh! Mama mmoja anayeuza vitumbua pale getini akadakia: "Fundi, wewe kaa chini, una lako." Kisa nini? Mimi nafuma masweta. Sketi na kaptula za bluu watoto wote wanavaa sawa, ila sweta la A ni kijani na la B ni damu ya mzee. Zikiungana, rangi mpya, na wazazi wote wanakuja kwangu. Eti nimehonga halmashauri! Mimi, ambaye nadaiwa kodi ya fremu! Halafu niulizeni: Dar es Salaam kwa joto hili, mtoto anavalishwa sweta la nini? Sijui. Na sitauliza, nina familia.

Uji nao ukaja. Mchango wa uji ni hiari, waraka unasema hivyo, na mtoto asizuiwe kwa sababu mzazi hajatoa. Huku kwetu ni hiari kweli kweli: unatoa kwa hiari yako, usipotoa jina lako linasomwa kwa hiari yao mbele ya mkutano wa wazazi. A wanapika uji wa sukari, B wa chumvi kidogo na ndimu. Mkikutana sufuria ni moja. Hilo halikupata mwafaka, likaundiwa kamati ndogo.

Nikasema jamani, na choo? Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Fundi mwashi mmoja akachukua kijiti akaanza kupiga hesabu mchangani, wasichana kwanza. Hesabu ikatoka kivulini, ikaelekea jikoni, mpishi akamwambia asimkanyagie kuni. Wavulana hakuwafikia. Binti zetu wa darasa la sita na la saba wanapanga foleni mapumziko yote, kengele inagongwa hawajafika mlangoni, wengine siku zao zikifika wanabaki nyumbani kabisa. Hiyo ndiyo niliyoitaka ijadiliwe. Nikajibiwa kwamba choo kiko kwenye "mengineyo".

Tukafika mengineyo soda zikiwa zimeshagawiwa. Mkishagawa soda, Mtanzania gani atajadili?

Azimio likasomwa: shule ziunganishwe "kimsingi", walimu wakuu wote waendelee katika kipindi cha mpito, mihuri yote itumike, na suala la vyoo liletwe kikao kijacho kitakachoitishwa na mwalimu mkuu. Nikauliza yupi. Afisa elimu kata akafunga diari yake na kuniambia hilo swali niliwasilishe kwa maandishi, nakala mbili.