Umaskini peke yake hauleti bunduki mtaani

Ndugu zangu wa Dar hawaachi kuniuliza kama natembea salama hapa Chicago. Nawajibu kwamba inategemea mtaa. Mwaka 2021 waliuawa watu wapatao 800 katika jiji hili la wakazi kama milioni 2.7, lakini msiba huo haukugawanywa sawa. Lincoln Park, ushuani kwao, mauaji ni jambo la nadra. Englewood na North Lawndale, wanakoishi Weusi, akina mama wengi wamezika vijana wao.

Basi watu husema maskini ndio wahalifu. Mimi nimekulia Tandale, uswahilini Dar, nakataa. Kwa fedha, Tandale ni maskini kuliko Englewood. Vibaka tulikuwa nao, na Panya Road, magenge ya vijana, waliwatesa watu wetu kwa mapanga. Ila bunduki hazikuwa mikononi mwa watoto, na mjumbe wa nyumba kumi alijua nani kahamia nyumba ipi. Muuza vitumbua alimkemea mtoto asiye wake, na mzazi akamshukuru.

Mwanasosholojia Robert Sampson na wenzake walilipima jambo hilo hapahapa Chicago. Utafiti wao wa 1997 ulionyesha kuwa majirani wanapoaminiana na kuwa tayari kuingilia kati, ukatili hupungua, hata mitaa ikilingana kwa umaskini. Sasa huo ujirani utasimama vipi mahali palipobomolewa makusudi? Miaka ya 1930 ramani za serikali zilipaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu, wakazi wakanyimwa mikopo ya nyumba. Kiwanda cha chuma cha South Works, kilichowahi kuajiri maelfu, kikafungwa 1992. Mwaka 2013 jiji likafunga shule karibu 50 kwa mpigo, nyingi zikiwa za watoto Weusi. Wenye uwezo wakahama, bunduki zikabaki.

Kwetu nako si peponi. Majirani haohao wanaojuana ndio wanaomchoma moto kijana aliyeiba simu, na hilo linaniuma sana. Kisha Panya Road wakiibuka, tunashangilia msako unaozoa vijana wa vijiweni kwa mkumbo, mwenye kosa na asiye nalo. Anayegombea udiwani Mbagala aulizwe kwanza vijana waliofeli kidato cha nne watapata wapi nafasi ya kujifunza ufundi, ndipo aulizwe habari za kituo cha polisi.