Saa za usiku za wifi yangu

Saa tisa usiku, kule Muheza, Tanga, wifi yangu huamka kumgeuza ubavu mume wake, mdogo wangu aliyepooza. Hahitaji kengele tena. Asipomgeuza, ngozi ya makalioni huanza kuiva, na kidonda cha kulalia kikishaingia hakitoki leo wala kesho. Amekuwa akifanya hivyo tangu Machi 2019.

Mimi niko Uingereza, na kazi yangu ni hiyohiyo. Wabeba boksi wengi, yaani sisi tuliokuja ughaibuni kufanya vibarua, tumeishia kwenye kazi ya kutunza wagonjwa na wazee majumbani. Kwa zamu nalala nyumbani kwa kijana mmoja aliyeumia uti wa mgongo, amepooza kuanzia kifuani. Namgeuza, namwaga mfuko wa mkojo, namwosha, namkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Nalipwa kwa saa. Wifi yangu halipwi hata senti, na kwa miaka mingi sikuliona hilo kuwa jambo la kuulizia. Si ndiyo ndoa? Si ndiyo undugu?

Kijana huyu aligongwa na gari (mengine siandiki, asije akatambulika). Dereva alikuwa na makosa, na bima ya dereva ndiyo iliyolipa. Wengi nyumbani wakisikia "amelipwa mamilioni" hudhani ni bahati nasibu. Nieleze ninavyoijua mimi, maana nimeishi ndani ya hesabu hiyo.

Kuna fedha ya maumivu na ya kupoteza maisha aliyokuwa nayo. Mwongozo wanaoutumia majaji wa Uingereza, toleo la 2024, unamweka mtu aliyepooza miguu kati ya takriban pauni 267,000 na 347,000. Lakini hiyo ndiyo sehemu ndogo. Hesabu kubwa ni ya maisha yaliyobaki: mshahara ambao hataupata, milango ya nyumba kupanuliwa, godoro la hewa, mipira ya mkojo, gari analoweza kuingia na kiti chake, na watu wa kumtunza usiku na mchana hadi mwisho wa uhai wake. Kesi yenyewe ilichukua miaka, ila hakuachwa akisubiri. Bima ilipokubali kosa, ilianza kutoa malipo ya awali, kiti na godoro vikanunuliwa. Sasa sehemu ya fidia anaipata kila mwaka badala ya fungu moja, na kiwango chake hupanda kwa kufuata mishahara ya watunzaji kama mimi. Nilipoelezwa hilo nilikaa kimya. Mtu alikaa akafikiri kwamba mtunzaji wa mwaka 2045 naye atahitaji kula.

Kilichonichoma zaidi ni cha mama yake. Kabla sisi hatujaajiriwa, mama huyo aliacha kazi akamuuguza mwanawe miezi mingi. Wakili alimwambia aandike kila siku: saa ngapi kumwosha, saa ngapi kumlisha, mara ngapi ameamka usiku. Zile saa zikawa madai. Sheria yao ilishatamka hivyo tangu 1973, katika kesi ya mtoto wa miaka sita aliyegongwa na lori, mama yake akaacha kibarua ili amuuguze. Mahakama ya Rufaa ilisema matunzo ya ndugu yana thamani hata kama hakuna aliyedai ujira. Na mwaka 1994 mahakama ya juu kabisa ikaongeza kwamba fedha hiyo majeruhi anaishika kwa niaba ya yule aliyemtunza. Yaani ni ya mama.

Sasa turudi kwetu.

Mdogo wangu alikuwa abiria wa bodaboda. Canter, lori dogo, iliyokuwa inaipita gari nyingine ikawafuata upande wao. Alipewa PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, akafikishwa hospitali, akapelekwa Dar es Salaam, akarudishwa nyumbani hasikii chochote chini ya kitovu. Dereva alifikishwa mahakamani, akatozwa faini, na sisi tukaamini kesi imeisha. Mwenye gari alikuja na wazee wawili, mchele na shilingi laki nane. Alikuwa mtu wa heshima, alilia. Ikaandikwa karatasi kwamba familia imeridhika na haitadai tena. Mama alinipigia simu kuuliza. Nikamwambia, mama, pokeeni, yameshatokea, tumwachie Mungu. Maneno hayo nimeyabeba hadi leo.

Hakuna aliyeuliza stika ya bima. Gari lile lilikuwa na bima, "bima ndogo" kama tunavyoiita, ile ambayo sheria ya Tanzania inamlazimisha kila mwenye chombo aikate ili ilipe watu wengine atakaowaumiza. Kazi yake ni hiyo na si nyingine. Faini ya dereva ilikwenda serikalini. Madai ya mdogo wangu yalikuwa kesi nyingine kabisa, ya madai, na muda wake ni miaka mitatu tangu kuumia. Ilipofika Machi 2022 mlango ulifungwa. Mimi nilikuja kuyajua haya 2023, jikoni kwa kijana ninayemtunza, nikisoma makaratasi yake huku chai inapoa.

Najua mtaniambia huku Ulaya mtu ana fedha na hana watu. Kuna ukweli, nimeona sikukuu ambazo mgeni alikuwa mimi peke yangu. Mdogo wangu hapitishi siku bila mtu kuja kumsalimia. Lakini msinilazimishe kuchagua. Wageni wakiondoka, anayebaki na mpira wa mkojo ni wifi. Alikuwa akiuza vitumbua stendi, ameacha. Mtoto wao mkubwa alikatisha masomo. Kampuni ya bima ilichukua ada ya mwenye Canter na haikutoa kitu, na sisi tukajisifu kwamba tuna undugu. Undugu wetu ndio uliolipa deni la bima.

Wapo pia wanaosema kudai ni kula damu ya mtu, au ni kumpinga Mungu. Nawaheshimu, mama yangu ni mmoja wao. Ila fidia hii haitoki mfukoni mwa yule mzee aliyelia. Inatoka kwenye mfuko uliochangiwa na wenye magari kwa ajili ya siku kama ile. Kukataa kuidai hakumsaidii mtu yeyote zaidi ya kampuni.

Sisemi Uingereza wamemaliza yote. Hapa pia, mtu akianguka kutoka kwenye ngazi yake mwenyewe, hana wa kumdai. Anabaki na hospitali ya serikali na posho ya ulemavu. Kwetu Tanga mfano wake ni mkwezi wa minazi. Akiteleza akavunjika mgongo, atamshitaki nani, mnazi? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza Julai 2015, haungoji uthibitishe kosa la mwajiri, nao ni msaada mkubwa kwa aliyeumia kazini. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi. Lakini mkwezi hana mwajiri. New Zealand tangu 1974 wana mfuko wa taifa unaomhudumia kila aliyeumia kwa ajali bila kuuliza kosa ni la nani, na wananchi kwa upande wao waliacha haki ya kushitakiana kwa majeraha hayo. Mimi ningepewa kalamu, ningeandika huo.

Hadi hapo, nawaomba mliopo nyumbani mfanye yale ambayo sisi hatukufanya. Chukueni namba ya gari siku ileile. Kupitia mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, unaweza kujua kama lina bima. Ombeni nakala ya PF3 na ya ramani ya ajali ya polisi. Kila stakabadhi ya dawa, ya nauli, ya pampasi, itunzeni, kwa sababu mahakama zetu hazilipi gharama ambayo haikuthibitishwa. Msiweke sahihi karatasi ya "tumeridhika" mgonjwa akiwa bado wodini. Kama hamna fedha ya wakili, tangu 2017 tuna sheria ya msaada wa kisheria, na wasaidizi wa kisheria wapo hadi wilayani. Bima ikiwazungusha, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na andikeni saa za anayemtunza, hata kama hakimu atazikata nusu. Daftari la shule linatosha.

Naandika leo kwa sababu mtaa wa pili kutoka kwetu kuna binti aliyegongwa na basi dogo Novemba iliyopita, naye hasikii miguu. Mama yake ameshaletewa karatasi. Wifi yangu alikwenda kwake na kalamu na daftari, akamwonyesha namna ya kuchora mistari: tarehe, saa, kazi iliyofanyika. Karatasi ile bado haijasainiwa. Anayemfahamu wakili wa Tanga aliyewahi kusimamia kesi ya namna hii, aniandikie tafadhali, nitawaunganisha.