Mshahara wa Harden Naujua, wa Feisal Nilisubiri Kesi

Kuna mzee nafanya naye kazi hapa Oklahoma City. Shifti moja, meza moja ya chakula, mwaka wa sita sasa. Juzi nikateleza nikamuuliza: miaka yote hii ghalani, wanakulipa dola ngapi kwa saa? Akaacha kutafuna. Akanitazama kama nimemuuliza rangi ya nguo yake ya ndani. Akasema hilo ni jambo lake na mkewe, akarudi kwenye mkate wake.

Haikupita robo saa, mzee huyohuyo kachukua karatasi ya kufutia mikono anaipigia hesabu mishahara ya James Harden, mchezaji wa kikapu, ya mwaka 2012. Dola kwa dola, bila simu wala kutafuta mahali, kichwani tu. Nikabaki na kijiko cha wali hewani.

Na ndiyo, kama mnavyotutania tulio nje, nabeba maboksi. Nimelitaja mwenyewe ili msihangaike kulitafuta. Ni maboksi halisi, yana vipuri ndani, na mgongo unauma. Tuendelee.

Kwa ambao mwaka ule akili zote zilikuwa Jangwani na Msimbazi, kwa Yanga na Simba, Harden alikuwa kijana mwenye ndevu za shehe, anaingia kutoka benchi na kuwatesa watu. Msimu wa 2011/12 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba. Juni 2012 timu ya mji huu, Thunder, ikafika fainali ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ikafungwa na Miami 4–1. Ilikuwa na Kevin Durant, Russell Westbrook, Harden na Serge Ibaka wa Brazzaville, na hakuna kati yao aliyekuwa amefikisha miaka 24. Mji wenyewe hauna timu nyingine kubwa. Kikapu ni hii tu, na hata hii waliihamisha kutoka Seattle mwaka 2008. Watu walikuwa wanajiona kama mtu aliyepanda mchungwa, maua yametoka, anasubiri kuchuma.

Kisha Jumamosi usiku, tarehe 27 Oktoba 2012, Harden kapelekwa Houston. Wakaletwa Kevin Martin, kijana Jeremy Lamb na haki za kuchagua wachezaji kwenye drafti za mbele, ule mgawo wa kila mwaka wa vijana wapya. Hapa mchezaji hauzwi kwa ada kama tulivyozoea. Anabadilishwa na wengine, na mara nyingi hata haulizwi. Unalala Oklahoma, unaamka ukiwa mtu wa Texas.

Mie nilikuwa mwanafunzi, nimefika mwaka mmoja tu kabla. Kilichonishangaza ni jinsi watu walivyoomboleza. Asubuhi yake kinyozi, mama wa mapokezi chuoni, jamaa wa kituo cha mafuta, wote walikuwa na namba. Ibaka keshapewa milioni 48 kwa miaka 4. Durant na Westbrook wapo kwenye kiwango cha juu cha mshahara. Harden kapewa ofa ya milioni 50 na kitu, yeye anataka karibu 60 ambazo ndizo mwisho wa sheria. Tofauti ni milioni chache zilizogawanywa kwa miaka 4! Walikuwa wanalia, lakini wanalia na kikokotoo mkononi.

Mimi ninavyojua kilio cha kwetu ni tofauti. Kwetu mchezaji akiondoka tunalia kwa kusikia. "Inasemekana." "Kuna mtu wa ndani kaniambia." "Dau nono." Hilo dau nono, mwaka gani mtu alilipima kwenye mizani? Tumeishi na neno "nono" tangu enzi za redio ya mbao, na hakuna anayejua ni kilo ngapi.

Hapo ndipo nilipo leo. Sizungumzii barabara wala umeme, na wala sisemi Mmarekani ana akili kuliko sisi. Jambo langu ni moja: hapa shabiki maskini kabisa anajua mshahara wa mchezaji, na kwetu hata mwanachama mwenye kadi na stakabadhi hajui.

Chukueni habari ya Feisal Salum, Fei Toto, aliyekuwa kiungo wa Yanga. Mie ni Mwanayanga, siwezi kujificha, na Desemba 2022 nilimtukana Fei Toto kwenye makundi yote niliyomo. Msaliti, hana shukrani, katumwa. Nilikuwa hapa, usiku wa baridi, nimejifunika blanketi mbili, natukana kwa vidole vilivyoganda. Baadaye ndipo zikatoka hesabu: kaweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu kuvunja mkataba, na kati yake milioni 12 zilihesabiwa kuwa mishahara ya miezi 3. Nikagawa. Milioni 4 kwa mwezi. Kiungo wa timu ya taifa, mtu tuliyemwimba uwanja mzima, kumbe mshahara wake tumeujua kwa sababu ya ugomvi! Yale maneno kwamba alikuwa anakula ugali na sukari siyagusi, mmeyacheka vya kutosha. Mimi sikucheka. Nilirudi kwenye yale makundi nikafuta nilichoweza kufuta.

Shirikisho la soka likaamua bado ni mchezaji wa Yanga, kweli, mkataba ni mkataba. Ikafika Juni 2023 Rais mwenyewe akaomba jambo liishe, na Feisal akaishia Azam. Fikirini, suala la mshahara wa kiungo mmoja mpaka Ikulu. Zile namba zingekuwa mezani tangu mwanzo, tungemwambia kiongozi, "Mzee, huyu ongeza, ataondoka." Tungekuwa na kitu cha kusema. Tulichokuwa nacho ni matusi tu, na matusi hayana bei, kila mtu anayo.

Na ninyi wa upande wa pili msicheke. Julai 2024 Clatous Chama, kiungo wenu wa Simba, alipovuka kuja kwetu mlifanya nini? Mjomba wangu ni Simba wa damu, alikataa kula. Nikamuuliza alikuwa analipwa ngapi, na huku kaahidiwa ngapi. Hajui. Basi kasaliti kwa kiasi gani? Hajui, lakini kasaliti.

Najua kuna mtu keshaanza kuandika. "Huyu kaenda mamtoni anatuletea NBA, anafananisha mbingu na ardhi, kule kuna mabilioni." Ndugu yangu, sijasema tulipane mabilioni. Kutaja namba hakuna gharama. Mwenye duka la Mangi pale mtaani kwenu anaandika bei ya sukari kwa chaki.

Mwingine atasema kule ni sheria. Hapo yuko sahihi, na ndipo penye utamu. Mishahara hapa inajulikana kwa sababu ligi na chama cha wachezaji wamekaa wakakubaliana kugawana mapato, karibu nusu kwa nusu, na kutokana na hilo kila mwaka kinatoka kikomo cha mishahara kwa kila timu. Msimu ule wa 2012/13 kikomo kilikuwa dola milioni 58 na ushei. Ukishakuwa na kikomo huwezi kuficha mishahara, maana timu 29 nyingine zinakuchungulia kama majirani wa nyumba ya kupanga wanavyochungulia mita ya umeme.

Ila sasa msidhani mie nimelewa sifa za watu. Hapa napo kuna uongo, tena uongo mtamu, unaopikwa kwa namba za kweli. Ukimuuliza mtu wa pembeni kwa nini Harden aliondoka atakwambia "kikomo cha mishahara". Si kweli. Kanuni zinaruhusu timu kuvuka kikomo ili kumbakiza mchezaji wake yenyewe. Kilichokuwa kinawaogopesha ni mstari wa juu zaidi, ule wa kodi ya anasa, uliokuwa kwenye milioni 70 na kitu. Ukiuvuka unailipa ligi faini kwa kila dola iliyozidi, na makubaliano mapya ya mwisho wa 2011 yalikuwa yameshapanga viwango vikali zaidi kuanzia msimu wa 2013/14. Kwa hiyo si kwamba walikatazwa. Waliona gharama ni kubwa wakafunga pochi. Mwenye timu ana mali, mji mzima una majonzi, na lawama akatwishwa mnyama asiyeonekana anayeitwa kanuni.

Yule mzee wa mezani hili analijua vizuri, ndiyo maana karatasi yake haiishi. Hoja yake ni Kendrick Perkins, mchezaji mwingine wa Thunder wakati ule. Makubaliano yaleyale ya 2011 yalikuwa na kifungu cha msamaha: timu inaweza kumwacha mchezaji mmoja, inaendelea kumlipa, lakini mshahara wake hauhesabiwi kwenye kodi. Perkins alikuwa anachukua kama milioni 8 kwa mwaka, miguu imechoka. "Wangemwacha yule," mzee anasema, anachora mstari, "ndevu zingebaki." Anaichora hesabu hiyo kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa kiwanja. Na kwa kweli Houston walimpa Harden milioni 80 kwa miaka 5, na mechi yake ya kwanza, siku 4 tu baada ya kuhamishwa, akaitwanga Detroit pointi 37 na pasi 12 za vikapu. Mwaka 2018 akawa MVP, mchezaji bora wa msimu. Durant alikuwa ameshaipata 2014, Westbrook 2017. MVP watatu walikaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo, na ubingwa hawakuupata. Durant naye akaondoka 2016, kwa hiari yake, kwenda Golden State.

Akikasirika sana mzee hunigeukia mimi. "Na yule wenu!" Maana drafti ya 2009 Harden alichaguliwa wa 3, na wa 2, mbele yake, alikuwa Hasheem Thabeet wetu wa Dar, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Stephen Curry alikuwa wa 7, sitaki hata kuzungumzia. Na Harden anaondoka Oklahoma, Thabeet alikuwa ndiyo kasajiliwa miezi michache kabla. Msimu ule nilikuwa nakaa viti vya juu kabisa, karibu na mapaa, namtafuta mtu mrefu kuliko wote, na akiingia dakika 5 nasimama peke yangu napiga makofi kama mwendawazimu. Mshahara wake nao niliujua. Nikiwa mwanafunzi ninayekula tambi za pakiti, najua mshahara wa Thabeet, na wala sikumwonea wivu. Nilijua tu.

"Na usalama wa mchezaji?" Hii hoja naiheshimu. Ukitangaza mshahara wa kijana wa Temeke leo, kesho mlangoni kwake kuna shangazi 14, mjumbe wa msikiti, mjumbe wa kanisa na vibaka wawili. Kweli tupu. Lakini hao shangazi wanakuja hata sasa, na wanakuja wakiamini "dau nono". Kijana wa milioni 4 anaombwa kama wa milioni 40. Siri haijamkinga na lolote. Anayenufaika na siri ni yule anayechelewesha mshahara wa miezi mitatu, halafu kila dirisha tunasikia klabu fulani imefungiwa kusajili kwa sababu ya madai ya mchezaji ambaye hata jina tulishamsahau.

"Rudi basi uje uongoze wewe." Sawa. Mkinilipa, na mkitaja ngapi.

Mwaka 2025, tarehe 22 Juni, Thunder wakachukua ubingwa hatimaye, mechi ya 7 dhidi ya Indiana. Yule mzee alilia kabisa, nimemwona. Haikupita mwezi karatasi ikarudi mezani. Nyota watatu wa Thunder, Shai Gilgeous-Alexander, Chet Holmgren na Jalen Williams, walikuwa wamesaini mikataba ambayo kwa pamoja inaweza kufika dola milioni 822. Na sasa kuna mstari mwingine juu ya ule wa kodi. Ukiuvuka huo hawakutozi pesa tu, wanakufunga mikono: huwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kumpata mmoja, na haki za drafti zinaweza kugandishwa. Mzee akaanza kumlilia mwenzao, Luguentz Dort, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, akajitengeneza hapahapa, mji unampenda kama mtoto wa kuokota. Alimlilia mtu ambaye alikuwa hajaondoka. Nikamwambia, mzee, angalau furahini mwaka mmoja. Akanionyesha namba.

Nami hapo nikakereka kweli. Kuna raha nyumbani ya kutojua. Yanga ikibeba kombe, unazunguka Kariakoo na vuvuzela mpaka sauti inakauka, hakuna mtu anayekuharibia usiku kwa hesabu za mwaka kesho kutwa. Nimeikosa raha hiyo, sidanganyi. Lakini sitaki kuinunua kwa bei ya kumtukana Feisal mwingine.

Jioni ile narudi nyumbani nikakuta ujumbe wa sauti kutoka kwa mjomba. Salamu ndefu, watoto, mvua, Simba, kisha bila hata kumeza mate: "Hivi mjomba, huko wanakulipa ngapi kwa mwezi?" Yeye haoni aibu kama yule wa ghalani. Kwetu swali hilo ni la kawaida kama kuulizwa umekula nini, na nilicheka kwa furaha, nikajiona niko kibarazani kwake Tandika.

Nikabonyeza kujibu. Nikamwambia mvua huku hakuna, ila upepo mwingi. Nikamuuliza Simba wanasajili nani. Jana akatuma tena, sekunde 4 tu: "Mjomba, hukunijibu."