Nilimkuta Mtanzania mwenzangu ndani ya kioo, Ohio

Mama yangu yuko Mabatini, Mwanza, na hadi leo hajanielewa. "Umelipa kiingilio kwenda kumwangalia chura?" Ndiyo, mama. Na foleni tulipanga.

Ilikuwa Toledo Zoo, bustani ya wanyama huku Ohio, Marekani. Watoto walitaka tembo, mvua ikatukimbizia ndani. Kwenye kioo kimoja kulikuwa na majani mabichi, manyunyu ya maji, na vyura wa njano wasiofika hata sentimita tatu. Nikasoma kibao: Tanzania. Nilishtuka kama mtu aliyesikia Kisukuma kituo cha basi ugenini.

Chura wa Kihansi! Nyumbani tulimfahamu kwa utani tu. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, akiishi kwa manyunyu ya maporomoko, katika eneo lisilozidi sana hekta mbili. Hatagi mayai kama vyura wengine, anazaa vitoto vilivyokamilika, viluwiluwi hakuna. Likaja bwawa la umeme, maji ya maporomoko yakapungua kwa karibu asilimia 90, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 wakachukuliwa vyura 499, wakapelekwa Bronx Zoo, New York, baadaye na hapa Toledo. Kule korongoni mabomba ya kunyunyiza maji yakawekwa, lakini ugonjwa wa kuvu nao ukaingia. Ilipofika 2009 chura huyu akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki wote walikuwa wanaishi kwenye vioo.

Mwaka 2010 mia moja walirudishwa kwa ndege hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilikuwa bado Mwanza, na kijiweni tulicheka hadi machozi: chura anapanda ndege, sisi tunadandia malori! Sijivunii kicheko kile. Ila nami siwezi kujifanya mtakatifu, maana umeme wa Kihansi uliingia gridi ya Taifa, na tulioumia na mgao tunajua balbu ikiwaka watu wanavyoshangilia mtaa mzima.

Huku watu husema Wazungu wanapenda wanyama kuliko sisi. Sikubali. Jirani yangu hapa akiona nyoka bustanini anapiga kelele kama shangazi yangu wa Magu. Tofauti ninayoiona ni kwamba hapa yupo mtu anayelipwa mshahara amhudumie chura: afuge nyenje wa kumlisha, apime joto la maji, aandike daftarini nani kazaa na nani kafa. Upendo ukipungua, mshahara unamwamsha asubuhi. Na wenzetu wa Dar wameionyesha kazi hiyohiyo, kwani mwaka 2012 vyura walianza kurudishwa Kihansi penyewe.

Sasa Mwanza. Tuna mjusi wa mawe ambaye dume lake lina kichwa cha waridi na mwili wa buluu iliyokolea. Wanasayansi wamempa jina la mji wetu, *Agama mwanzae*. Sisi tulimpiga kwa manati. Ughaibuni anafugwa majumbani kama pambo. Tuna Bayeye, wachezaji wa nyoka wa Kisukuma, watu wanaomshika chatu kwa mikono mitupu na kujua dawa za kuumwa. Ujuzi huo tunauita ngoma, tunaupigia makofi kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, halafu mzee anarudi kwake kulima pamba.

Na kisiwa cha Saanane kipo pale ziwani, dakika chache kwa boti. Kilianza kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa Hifadhi ya Taifa 2013. Shuleni tulipelekwa huko. Nakumbuka pimbi, kenge, na mwalimu akituzuia tusitupie wanyama karanga. Ningepewa nafasi ya kushauri, ningesema: jengeni pale chumba kimoja cha mijusi na nyoka wa kanda ya ziwa, muajiri Myeye mmoja mzee na kijana mmoja wa chuo, wafundishane. Kiingilio kiwe cha mtoto wa Igogo, si cha mtalii.

Nilimwelezea mama haya yote kwa simu. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Jioni yake ikaingia picha: mjusi, kichwa cha waridi, amejianika kwenye jiwe nyuma ya jiko letu. Chini mama ameandika: "Huyu hapa. Bure."